Nyati wa Ndani ya Ndoo

Siku ile mjinga alikuwa Abdulwahabu, na hana pa kukimbilia. Askari hakumwonea, rafiki yake hakumponza, shetani hakupita barabara ile. Ulikuwa mdomo wake mwenyewe, mdomo uleule ambao mkewe Radhia amekuwa akiuombea dua tangu walipooana.

Alikuwa anarudi Karatu kutoka mnadani Piyaya. Kwenye pikapu yalibaki mashuka machache mekundu yaliyokosa wanunuzi, na ndoo moja nyeupe ya plastiki, kifuniko chake kimefungwa kwa kamba. Kando yake alikaa Felista, mama muuza vitunguu wa Baray, aliyeomba lifti baada ya lori lililompeleka mnadani kukatika ekseli. Walikuwa wamecheka njia nzima. Waliteremka milima, wakatoka kwenye ukungu, wakafika kwenye kizuizi, na askari mmoja kijana wa wanyamapori, jina lake Naftali limeshonwa kifuani, akawasimamisha akauliza swali analoliuliza kila gari.

“Mmebeba nini?”

Mtu mwenye akili zake angejibu: mashuka na nyama ya ng'ombe. Abdulwahabu alitoa kichwa dirishani akasema, “Nyati mzima, afande. Tumemkunja tu akaenea kwenye ndoo.”

Felista alicheka mpaka akapiga dashibodi kwa kiganja. Naftali hakucheka. Alizunguka nyuma, akafungua kamba, akafunua ndoo, akainama kunusa. Ndani mlikuwa na vipande vyeusi vya nyama vimezama kwenye mafuta yaliyoganda. Hakuna ngozi, hakuna mfupa, hakuna pembe wala kwato.

“Hii ni nini?”

“Olpurda, afande. Nyama ya Kimaasai. Wanaikata vipande, wanaikaanga mpaka ikauke, wanaizamisha kwenye mafuta inakaa miezi. Ng'ombe huyo, nimemchinja kwa mkono wangu mwenyewe kwa Bismillahi.”

“Umesema ni nyati.”

“Nilikuwa natania.”

“Kwa hiyo umemdanganya askari aliye kazini?”

“Hapana, sikukudanganya.”

“Kwa hiyo ni nyati.”

Hapo ndipo Abdulwahabu alipoanza kuhisi shati linamganda mgongoni. Naftali alikuwa mgeni wilayani, kwao ni kusini huko, na olpurda hakuwahi kuiona. Na hata angekuwa mwenyeji, nyama ikishakaangwa ikawa nyeusi namna ile, jicho halina msaada. Ng'ombe ni kama nyati, nyati ni kama ng'ombe.

Naftali alichomoa kisu cha kukunja kiunoni ili akate kipande cha kupeleka kupimwa. Ungedhani Abdulwahabu angekuwa amekoma.

“Afande, kisu chako kina damu imekaukia. Leo umemchinja nani tena?”

“Kuna nyati amegongwa na lori asubuhi,” Naftali alijibu, kidogo kwa aibu. “Nimemkatia daktari wa wanyama kipande, aangalie kama alikuwa na ugonjwa.”

“Basi mwenye nyati ni wewe, si mimi! Lete hapa.” Akakichukua kile kisu, akakipangusa kwa pindo la shati lake, huku na huku, akakirudisha kwa heshima zote kama anayemtunza bwana harusi. “Haya sasa, kata. Tusije tukasingiziana.”

Felista alicheka tena. Naftali akakata, akafunga kipande kwenye mfuko wa nailoni, kisha akaomba ufunguo wa gari.

*

Radhia alifika kituoni Karatu na hotpoti ya wali. Alimkuta mumewe ameketi sakafuni pamoja na kijana aliyeiba betri, miguu mitupu, maana viatu na mkanda walikuwa wamemvua. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za kijivu, mtu wa kukaribishwa kiti kila duka analoingia. Radhia aliangalia vidole vya miguu ya mumewe kwenye saruji baridi.

“Walikuuliza nini, Baba Mwamini?”

“Nimebeba nini.”

“Ukawajibu nini?”

Abdulwahabu aliangalia ukutani.

“Nakuuliza. Ukawajibu nini?”

“…Nyati.”

Radhia, ambaye alikuwa ameshafunua hotpoti, aliifunika tena. Alikaa nayo mapajani hivyohivyo kwa muda, kisha akaifunua na kumpa kijiko. “Kula. Nikishakutoa humu ndiyo nitakuua.”

Kumtoa hakukuwa rahisi. Mpelelezi alisema kosa ni kupatikana na nyara za serikali, watu wanafungwa miaka mingi kwa kosa hilo, na pikapu hutaifishwa. Angemwachia kwa dhamana wakati nyama inapimwa Arusha, lakini alitaka mdhamini mwenye anwani. Radhia akarudi dukani, akavuka barabara kwenda kwa Abdulmajid, ambaye duka lake la simu na vitenge linatazamana na lao, na ambaye kila Ramadhani hufuturu kwenye sahani ya Radhia.

“Shemeji, ningekuja mbio,” Abdulmajid alisema, huku akipanga vifuniko vya simu vilivyokwisha kupangika. “Lakini na mimi nina dhamiri. Gari lilipopita na ile ndoo wazi nilikuwa hapa nje. Niliiona nyama. Mimi ujanani nimepika kwenye kambi za wawindaji, nyati simkosei. Ana nyuzi nene, hivi. Nikamdhamini mtu huku moyo wangu unajua?”

“Uliiona kutoka hapa? Upana wa barabara?”

“Jicho likishazoea, shemeji, halihitaji kusogea.”

Aliyekwenda kumdhamini alikuwa Mwalimu Tluway, mpangaji wao wa chumba cha uani, Mwiraqw mpole ambaye hakuuliza hata nyama yenyewe ilikuwa ya nini.

*

Wiki zilizofuata, Abdulwahabu aliuonja utani kutoka upande wa pili wa meza. Madereva wa watalii walipunguza mwendo mbele ya duka wakaita, “Shikamoo Bigi Faivu!” kwa lile jina la wanyama watano wakubwa wa hifadhi, nyati akiwamo. Wateja waliingia kununua sukari wakauliza kama na mkia upo. Zamani angewarudishia maneno yenye ncha mpaka watoke wamejishika mbavu. Sasa alipima sukari kimya, akafunga, akasema asante. Watu waliona amezeeka.

Lakini hayo yalikuwa madogo. Lililowalaza macho yeye na Radhia ni Mwamini, binti yao. Posa ilikuwa imekwisha kupokewa. Kisha ujumbe ukaja kutoka kwa wakwe, umefungwa kwenye maneno laini: wanaona ni busara ndoa isogezwe mbele, “mpaka mambo yatulie.” Mwamini aliusikia akiwa jikoni. Hakulia. Aliendelea kumenya viazi, akamenya na vile ambavyo havikutakiwa.

“Kama ni ng'ombe, mashine itasema ng'ombe,” Abdulwahabu alimwambia mkewe.

“Na ikisema nyati?”

“Itasemaje nyati na mimi nilimshika pembe mwenyewe? Maksai mweupe mwenye madoa. Kimaren alinikabidhi mbele ya boma zima.”

Na ilikuwa hivyo. Kimaren, rafiki yake wa Piyaya, alimpa maksai yule kwa kuwa Abdulwahabu ndiye aliyemkimbiza Naisula, mke wa Kimaren, hospitali uzazi ulipombana. Tangu hapo hawakuitana majina tena. Wamaasai wakipeana mnyama huitana kwa jina la zawadi, na hao wawili, kwa sababu ya maksai, walikuwa Pakiteng na Pakiteng, uzeeni mpaka kaburini.

*

Simu ya mpelelezi ilipokuja, Radhia alivaa baibui lake jipya, kama anakwenda kwenye harusi au msiba. Ofisini yeye na mumewe walimkuta mwanamke wa makamo mwenye miwani, mtaalamu wa maabara kutoka Arusha, jina lake Blandina. Naftali naye aliitwa, amesimama kando ya kabati.

“Majibu yametoka,” mpelelezi alisema. “Kuna ng'ombe. Na kuna nyati.”

Abdulwahabu alitafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia.

“Ngoja, mkuu, sijamaliza,” Blandina alisema. “Nimekuja mwenyewe kwa sababu majibu haya sijaridhika nayo. Ng'ombe yupo mwingi. Nyati yupo hafifu sana, kama mtu aliyechungulia mlangoni akaondoka. Mtu akichanganya nyama ya wanyama wawili, siyo hivi inavyokuwa.”

“Samahani, dada,” Radhia aliuliza, “nyama iliyokaangwa mpaka ikawa mkaa mnamjuaje aliyekuwa nayo?”

“Kila chembe ya nyama ina vinasaba, mama. Ni kama maandishi marefu ya kumtengeneza yule mnyama. Moto unayachanachana, lakini sisi hatutafuti kitabu kizima. Tunatafuta sentensi moja fupi, ambayo ng'ombe anaiandika hivi na nyati anaiandika vile. Tukiipata, tunaiweka kwenye mashine inayoitoa nakala. Inapashwa moto, inapozwa, zinakuwa mbili. Tena, nne. Tena, nane. Inaendelea hivyo mpaka nakala ni nyingi kiasi cha kusomeka.”

“Kama fotokopi.”

“Kama fotokopi isiyochoka. Na ubaya wake ndio huo. Haichagui. Ukiipa nyama, inatoa nakala za nyama. Ukiipa tone la damu lisiloonekana kwa macho, nalo inalitolea nakala.” Akavua miwani. “Ndiyo maana nauliza. Hii sampuli ilikatwa kwa kitu gani?”

Naftali alikuwa anaangalia viatu vyake.

Abdulwahabu aliinuka polepole kutoka kwenye kile kiti. “Kwa kisu,” alisema. “Kisu chenye damu ya nyati. Nilikipangusa mimi mwenyewe. Kwa shati langu.”

“Unazua sasa,” mpelelezi alisema.

“Mkuu, mimi nilimtania! Nilimwambia, leo umemchinja nani. Akasema nyati kagongwa na lori. Mpigieni Felista wa Baray, alikuwepo, alicheka mpaka nusura avunje gari la watu!”

Simu ikapigwa, ikawekwa mezani, sauti juu. Felista hakusubiri hata kuulizwa vizuri. “Kisu? Nakikumbuka! Kilikuwa na damu kavu, na yeye Mzee Abdul akakipangusa akasema wasisingiziane. Nimeisimulia mnada mzima hiyo! Jamani, kwani bado hamjamwachia?”

Mpelelezi aligeuka. “Naftali?”

Kijana yule angeweza kukana. Kazi yake ilikuwa changa na nyumbani walikuwa wanaitegemea. Alifungua mfuko wa kiunoni, akatoa kile kisu, akakiweka mezani mbele ya Blandina. “Ni kweli, mkuu. Nilidhani kikishapanguswa kimeisha.”

“Kupangusa si kuosha, kaka yangu,” Blandina alisema, bila ukali, na kukitia kisu kwenye bahasha. “Na hata kuosha kwenyewe, kwetu tunatumia dawa.”

“Kwa hiyo mume wangu alikuwa anafungwa kwa usafi,” Radhia alisema.

*

Siku ya kuchukua sampuli upya, Kimaren alifika kutoka Piyaya. Alikuwa amelala njiani, amebeba begani ngozi ya ng'ombe iliyoviringishwa. Aliingia ofisini nayo, akaikunjua sakafuni kama anatandika mkeka wa wageni. Nyeupe, yenye madoa, chapa ya ukoo ubavuni.

“Pakiteng,” alisema.

“Pakiteng,” Abdulwahabu alijibu.

“Nimesikia wanasema nimekupa nyati. Mimi? Nikupe mnyama ambaye sikumfuga?” Akamgeukia mpelelezi. “Huyu ndiye maksai. Nyama yake iko kwenye ndoo yenu, ngozi yake hii. Mke wangu alikuwa ameshaitandika kitandani. Sasa Naisula analala kwenye fito kwa ajili ya mambo yenu, na anawasalimu sana.”

Mpelelezi alijikuna shingo. “Ngozi ya ng'ombe kila boma ipo. Nitajuaje ni ya huyuhuyu?”

“Hilo niachieni mimi,” Blandina alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana anaifurahia safari yake. “Ile sentensi fupi inaniambia hii ni jamii ya ng'ombe. Lakini kuna sehemu nyingine kwenye maandishi ambazo ng'ombe na ng'ombe mwenzake hawalingani, labda wawe mapacha. Nikizipima hizo kwenye nyama na kwenye ngozi, nitajua kama ni mnyama mmoja.”

Akavaa glavu. Akatoa wembe kwenye karatasi yake, akakwangua mafuta ya juu ya kipande cha nyama, akautupa. Akachukua mwingine, akapasua kipande, akautupa. Kwa wembe wa tatu akakata nyama ya ndani kabisa, mahali ambapo hakuna kisu cha mtu kilichowahi kufika. Akavua glavu, akavaa nyingine kabla ya kugusa ngozi. Kisha akapanga vichupa vyake, na kimoja akakitia maji peke yake.

“Hicho cha nini?” Abdulwahabu aliuliza. Alikuwa ameahidi nyumbani kwamba hatafungua mdomo.

“Maji matupu. Yanapimwa pamoja na nyama yako, hatua kwa hatua. Maji yakisema nyati, najua ni sisi tumechafua maabara, si wewe.”

“Subhanallah. Yaani na maji yanawekwa mahabusu?”

Naftali, aliyekuwa amesimama kama mti kando ya kabati tangu asubuhi, alipasuka kicheko. Alijiziba mdomo, ikashindikana. Mpelelezi akamfuata. Radhia alimfinya mumewe pajani kwa nguvu, lakini mumewe alipogeuka kumtazama, aliona macho ya mkewe yana machozi na yanacheka.

*

Majibu ya pili yalifika siku chache baadaye, yakasomwa mchana, mlango wazi. Nyama ya ndani: ng'ombe, nyati hakuna. Ngozi na nyama: mnyama mmoja. Kisu cha Naftali: nyati. Maji: kimya, kama inavyotakiwa maji yawe. Mpelelezi alimpa Abdulwahabu mkono, akampa ufunguo wa pikapu, akampa ndoo yake ikiwa na lakiri nyekundu mpya iliyofungwa na Blandina. Radhia alikaa kwenye ngazi za kituo akashika kichwa, akapumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Wakwe walipiga simu kabla hawajafika nyumbani. Habari Karatu haina subira.

Jumapili Radhia alipika pilau. Kimaren alikuwepo, ngozi ya Naisula imeviringishwa mlangoni tayari kwa safari. Mwalimu Tluway alipewa mahali pa heshima. Mwamini alipita na sinia akiimba chinichini. Hata Naftali alialikwa, akaja bila sare, amebeba sukari mkononi kama mkwe. Na Abdulmajid, ambaye hakualikwa, alisikia harufu kutoka ng'ambo ya barabara akaja kusema hongera.

Akanawa, akakaa, akajimegea. Na hakuwa mtu wa kunyamaza.

“Mimi nashukuru umetoka, ndugu yangu, Mungu shahidi,” alisema huku akitafuna. “Lakini mashine ni mashine. Vijichupa, maji, wembe. Mtu aone kwa chupa kuliko aliyepika nyati miaka na miaka? Ile niliyoiona siku ile ilikuwa na nyuzi za nyati.”

“Imepimwa na ngozi yake, mzee,” Naftali alisema kwa upole.

“Wewe kijana nyamaza, wewe ulishindwa hata na kisu.” Abdulmajid alichagua mnofu mwingine, akauinua uonekane na wote. “Sikilizeni niwafundishe. Hii, kwa mfano, nakubali. Hii ndiyo maksai wa Piyaya. Tazama nyuzi zilivyolala. Onja utamu, majani ya milimani haya. Huyu ni ng'ombe, tena dume, tena mnene, sihitaji Arusha kuniambia. Ulimi huu na jicho hili havijawahi kukosea nyama.”

Abdulwahabu alifungua mdomo ajibu. Ndipo macho yake yalipoangukia pembeni ya kabati la vyombo, ilipokaa ile ndoo nyeupe. Lakiri nyekundu ilikuwa imekaa palepale alipoifunga Blandina, nzima, haijaguswa. Akamwangalia mkewe. Radhia alikuwa anampakulia mgeni kachumbari, uso wake mtulivu kama maji ya kwenye kichupa. Abdulwahabu akafunga mdomo wake, na ilimgharimu.

“Si kweli, shemeji?” Abdulmajid alimgeukia Radhia, akilamba vidole. “Huyu si yule maksai?”

“Huyo ni mbuzi, shemeji.”